Shangazi, wateja wangu wamepanda ndege na mbwa wao

Shikamoo Shangazi,

Pole na majukumu. Mimi ni msichana wa miaka 29, naishi Mikocheni, na riziki yangu ni kamera. Nilianza kama wengi tulivyoanza, kwenye harusi na sendofu, nikimshikia taa kaka mmoja aliyenifundisha kazi, mpaka nikapata kamera yangu ya mtumba na lenzi moja ya milimita 50. Mwaka 2022 mama mmoja mgeni aliyekuwa amepanga mtaa wa pili aliniomba nimpigie picha mbwa wake wawili. Picha zikapendwa, akawaambia wenzake wa Masaki na Oysterbay, nao wakaambiana. Tangu hapo nikawa mpiga picha wa wanyama wa nyumbani, na Shangazi, sijawahi kupenda kazi kama hii. Mbwa hajui kujifanya. Ukikaa naye chini dakika ishirini anakuonyesha alivyo.

Mwaka jana nilifanya kazi 46. Mwaka huu, hadi mwisho wa Mei, nilikuwa nimeshafanya 21. Kuanzia Juni mpaka ninapokuandikia, mwisho wa Agosti, nimefanya tano tu. Sababu naijua. Wateja wangu wengi walikuwa wageni, watu wa balozi, wa mashirika, walimu wa shule za kimataifa. Shule zilipofungwa Juni mikataba yao ikawa imekwisha, wakafungasha na kupanda ndege na mbwa wao. Yule mama wa kwanza naye ameondoka.

Natoza 150,000 kwa saa moja na nusu, nyumbani kwa mteja au ufukweni, na nampa picha 25 zilizohaririwa kwa linki. Nimejaribu kulipia matangazo Instagram, nimetumia 120,000 kwa miezi miwili. Nimepata wafuasi wa nchi ambazo sitafika, na jumbe kama arobaini za "bei gani?" Nikitaja bei, kimya. Aliyelipa ni mmoja. Nimepeleka vipeperushi kliniki mbili za wanyama na duka moja la vyakula vya mbwa. Kliniki sikusikia kitu. Lile duka likachukua picha zangu tatu ukurasani kwangu, likatangazia mzigo wake bila hata kunitaja. Iliniuma.

Kaka yangu anasema nirudi kwenye harusi, eti Mswahili hatoi hela mbwa apigwe picha. Rafiki yangu anasema nishushe bei mpaka 50,000.

Jambo moja nikwambie, maana ndilo linalonizuia nisiuze kamera. Mwezi wa saba alinipigia mzee mmoja wa Sinza, mstaafu. Mwanawe alimlipia picha za mbwa wake mwaka jana. Mbwa anaitwa Bobi, mbwa wetu hawa hawa wa kawaida, miaka 13, uso umeshaota mvi. Akaniuliza, "Binti, zile picha za Bobi bado unazo? Simu yangu imeibiwa." Nikamtumia zote tena kwa WhatsApp. Baadaye akanitumia sauti ya sekunde arobaini, na zaidi ya nusu yake haina neno, ni pumzi tu. Mwishoni akasema, "Tumemzika jana, chini ya mwembe."

Nitawapata wapi wateja wapya, Shangazi? Na kaka yangu je, amesema kweli?

Mpiga picha, Mikocheni

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile sauti ya sekunde arobaini nimeshinda nayo siku nzima.

Nianze na kaka yako. Mzee wa Sinza ni Mswahili. Mwanawe ni Mswahili, na hela alitoa. Hapo kaka yako amekosea. Ila kwenye harusi simpingi: chukua harusi mbili kwa mwezi mpaka Desemba, ulipe kodi ya nyumba, wala usione aibu. Mtu anayedaiwa kodi huongea na mteja kwa sauti inayomkimbiza.

Sasa usiku wa leo kaa na daftari. Andika majina ya wateja wote 46 wa mwaka jana, na mbele ya kila jina andika nani alimwambia habari zako. Usiandike "Instagram" kwa kuwa tu ndiko alikokutumia ujumbe. Mtu huambiwa kwanza, ndipo akaenda kukutafuta huko. Nakuhakikishia karibu majina yote yatarudi kwa watu watatu au wanne, na wa kwanza wao ni yule mama aliyeondoka. Huyo alikuwa mdomo wako mjini, na mdomo umehama. Kinachokupasa sasa ni kupata midomo mingine mitano ambayo mikataba yake haiishi Juni.

Haya nayajua kwa kuyaishi. Niliwahi kuwa na studio Magomeni, enzi za mkanda, picha 36 na ukikosea umekosea. Nje niliweka kibao chenye kioo, ndani yake picha nilizopenda. Watu walisimama kujitazama, wakaja kesho yake na rafiki. Lakini aliyenilisha kweli alikuwa fundi cherehani wa duka la pili. Mtu akitoka kwake na gauni jipya la Idi, fundi anamwambia, "Pita hapo kwa dada upige picha kabla halijakunjika." Maneno hayo tu. Kila Idi niliipiga familia yake yote picha bila malipo, nikamwekea kwenye fremu, na mpaka anahama hakunidai hata shilingi. Wewe mwanangu unamtafuta fundi cherehani wa mbwa na paka: mtu ambaye mnyama anapita mikononi mwake kila wiki, na mwenye mnyama anamwamini.

Wa kwanza ni daktari wa wanyama. Umesema ulipeleka vipeperushi na hukusikia kitu. Kipeperushi kwenye kaunta ya kliniki hufunikwa na kadi za chanjo na risiti kabla ya saa sita. Rudi, safari hii katikati ya wiki, saa nane mchana foleni ikiwa imepungua, na usiombe chochote. Mwambie daktari unataka kuwapiga picha wakiwa kazini asubuhi moja, bure, yeye na wasaidizi wake na wagonjwa wao, na atazitumia apendavyo maadamu jina lako liwepo. Ukimaliza, chagua tatu, za wale wanyama ambao wenye kuwafuga wamekubali kwa maandishi, uzichapishe kubwa, uzitie fremu, uzipeleke zitundikwe pale kwenye benchi la kusubiri, jina na namba yako chini kwa herufi ndogo. Mtu aliyekaa nusu saa na mbwa anayetetemeka miguuni mwake hana cha kutazama ila ukuta. Na daktari atakapoulizwa, "Huyu nani kapiga?", atakutaja kwa sauti yake mwenyewe. Hilo huwezi kulinunua kwa 120,000.

Halafu kuna jambo daktari analijua mapema kuliko wewe, na ndilo litakalokurudishia hata wageni. Mbwa au paka anayetoka Tanzania kwenda nchi za Umoja wa Ulaya au Uingereza lazima achanjwe kichaa cha mbwa, zipite siku 30 au zaidi, atolewe damu ipimwe kama kinga imekaa, kisha ingojwe miezi 3 tangu damu itolewe ndipo aruhusiwe kuingia. Fanya hesabu. Familia inayoondoka Juni inaanza kwenda kliniki Januari au Februari. Wewe umekuwa ukigundua wanaondoka siku wanapouza makochi. Mwombe daktari akubaliane nawe jambo moja: kila anayekuja kuanza maandalizi ya safari apewe kadi yako yenye maneno "picha ya kuaga nyumbani". Usimwombe orodha ya wateja wake wala namba zao. Hizo ni siri za kliniki na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 inazilinda. Kadi inatosha, mwenye haja atapiga. Na picha ya kuaga si picha ya mbwa kwenye nyasi tu. Mpige kwenye lile geti alilobwekea miaka minne, mpige na mlinzi aliyemlea, mpige Coco Beach saa 12 na nusu asubuhi kabla mchanga haujapata moto. Wageni hawa wataendelea kuja na kuondoka kila mwaka. Tangu mwakani uwe unawasindikiza.

Umenikumbusha mlinzi, na hapa ndipo nakusihi unisikilize sana. Katika nyumba nyingi za Dar anayemjua mbwa ni kijana anayemlisha, anayemwogesha, anayetoka naye alfajiri. Baba mwenye nyumba anajua jina lake na bei aliyomnunulia. Pita barabara za Masaki au Mbezi Beach asubuhi mapema uwaone hao vijana, mmoja na kamba mbili, mwingine na tatu, wamesimama kona wanazungumza. Habari za kila nyumba ziko hapo. Ukienda kumpiga mbwa picha, muulize huyo kijana mbwa anapenda kukunwa wapi, anaogopa nini, anakaa kwa neno gani. Mpige naye picha moja nzuri, chapisha, mpelekee mkononi siku unapokabidhi kazi. Wengi wao hawajawahi kupewa picha ya kazi yao ikiheshimiwa. Wiki ijayo itakuwa imeonwa na vijana wa nyumba sita, na matajiri wao wataanza kuulizwa, "Bosi, na huyu wetu je?"

Sasa tuseme juu ya kazi yenyewe, maana ulichonieleza ni saa na idadi ya picha, na mteja anayeuliza "bei gani" hajajua unampa kitu gani ambacho simu yake haimpi. Nitakupa mfano mmoja: mbwa mweusi. Nyumba nyingi za hapa zina mbwa wa ulinzi, na wengi ni weusi au weusi wenye kahawia. Mwenye mbwa ana picha mia kwenye simu na zote ni kivuli chenye macho mawili. Wewe unajua kwa nini: kamera ikikutana na manyoya meusi hudhani kuna giza, huongeza mwanga, mbwa anageuka kijivu na ukuta nyuma yake unaungua. Unajua kupunguza mwanga, kumleta kwenye kivuli cha mwarobaini saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, anga lote liwe mbele yake liingie machoni, kulala kifudifudi usawa wa pua yake, na kuacha flashi mfukoni ili macho yasiwake kijani. Weka ukurasani picha moja ya mbwa mweusi ambaye kila unywele unaonekana, pembeni yake picha ya simu ya mbwa huyo huyo aliyoipiga mwenye mbwa, akikuruhusu. Hutahitaji maelezo marefu. Nimewahi kusimama mbele ya picha ya namna hiyo: Rottweiler, ncha ya pua imelowa, kope zinaonekana, na kwenye mboni ya jicho anaonekana mtu mdogo amesimama ameshika bakuli. Niliondoka pale nikimfikiria huyo mtu.

Nimeingia ukurasani kwako pia. Nimehesabu paka wanne. Mwanangu, hili ni jiji la paka! Kariakoo, Upanga, Ilala, Magomeni, Temeke, nyumba ambazo mbwa havuki kizingiti zina paka kwenye kochi. Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara 7, moja kwa udongo. Paka hana tatizo hilo. Hata sahaba Abu Huraira alipata lakabu yake kwa ajili ya paka wake. Familia hizo zinakuona ukurasani umelala nyasini na mbwa na zinasema huyu hawezi kuingia kwetu. Basi waambie wazi: paka wana siku zao, sema Jumapili na Jumatatu; nguo ni nyingine, mkoba ni mwingine, shuka la kulalia sakafuni ni jingine. Na ufanye kweli, si kwa maneno. Kazi ya paka ni ya ndani, haina nauli ya ufukweni, inataka dirisha lenye mwanga na subira. Fika, kaa chini, usimwite. Waambie wenyewe wasimbebe. Robo saa ya kwanza ni yake ya kukunusa. Ukipata akina mama watatu wa Upanga wanaopenda paka wao, umepata mdomo wa pili.

Wauzaji wa watoto wa mbwa wa mbegu nao usiwapite. Wanatangaza kwenye makundi ya WhatsApp kwa picha za usiku, banda nyuma, macho yamewaka. Watoze bei moja kwa uzao mzima, na kila mnunuzi aondoke na kadi yako ya picha ya mbwa akitimiza mwaka. Lakini kwa masharti mawili. Ukikuta banda chafu, mama amekondeana, watoto wanauzwa hawajatimiza wiki 8, usiwapigie. Picha yako nzuri itamsaidia kuwauza walio wagonjwa, na jina lako ndilo litakalolaumiwa. La pili, watoto ambao hawajamaliza chanjo ni wepesi kuambukizwa parvo, na kirusi chake hukaa kwenye udongo na nyayo kwa miezi. Osha viatu na miguu ya tripodi kwa maji ya klorini kati ya nyumba na nyumba. Waambie wateja unafanya hivyo. Mtu aliyewahi kuzika mtoto wa mbwa kwa parvo atakuelewa papo hapo.

Bei usiishushe. Hebu tuhesabu pamoja. Nauli ya kwenda na kurudi Mbezi tuseme 20,000, bando na vipande vya nyama 5,000. Kwenye 150,000 unabaki na 125,000. Kwenye 50,000 unabaki na 25,000. Ili upate kile unachopata leo kwa kazi moja utahitaji kazi tano, kila moja na safari yake na saa zake nne za kuhariri. Utachoka kabla ya kupata mteja, na wale waliokulipa 150,000 watajiona wameibiwa. Tengeneza kitu kingine kidogo badala yake. Jumamosi moja kwa mwezi, kwenye ua wa kliniki iliyokukubali, chini ya mti na mbali na wagonjwa, weka kitambaa na kiti. Dakika kumi, picha moja iliyochapishwa na faili yake, 20,000. Wanyama wanane asubuhi hiyo ni 160,000 na nauli umelipa mara moja. Anayeona ladha ya dakika kumi ndiye atakayekuuliza ya nyumbani ikoje.

Na tarehe imekukaribia. Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yule wa chanjo. Ni majira ambayo wataalamu wa mifugo huhimiza watu kuchanja. Muulize daktari wako au afisa mifugo wa manispaa kama wana zoezi, na uombe ruhusa ya kuwa pale. Utawaona watoto wamekuja na mbwa kwa kamba ya manila, wamevaa nguo za kutokea kwa ajili ya siku hiyo. Hao hawatakulipa na usiwatoze. Omba idhini ya mzazi kabla ya kumpiga mtoto yeyote, na wape picha zao. Lakini zile picha, manispaa inazihitaji, kliniki inazihitaji, na wewe utakuwa mtu anayejulikana na kila daktari aliyekuwepo.

Matangazo ya kulipia yaache kwa sasa. Watu wanaokuuliza bei, usiwajibu kwa tarakimu tupu. Uliza kwanza, "Anaitwa nani? Ana miaka mingapi?" Mtu akishataja jina la mbwa wake amekwisha kuanza kuzungumza nawe. Kisha taja bei bila kuzunguka. Tumia pia status yako ya WhatsApp, picha moja kwa siku, maana wanaoiona ni watu wenye namba yako, na namba yako inatembea hapa hapa Dar. Angalia tu usionyeshe geti, namba ya nyumba wala kamera za ulinzi. Mwenye mbwa wa ulinzi ana sababu ya kumfuga.

Lile duka lililokuchukulia picha, una haki ya kukasirika. Picha za mnato zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kuziokota ukurasani hakuzifanyi za bure. Nenda mwenyewe, na picha zako asili kwenye simu, asubuhi kabla ya wateja. Waambie mna njia mbili: waziondoe leo, au wakutaje jina kila moja na wakupe nafasi ya fremu moja kubwa juu ya kaunta kwa miezi sita. Ningekuwa wewe ningeomba hiyo ya pili, kwa upole na kwa maandishi. Kila anayenunua mfuko wa chakula cha mbwa anasimama kwenye kaunta ile. Wakikataa yote, andika barua rasmi. Na kama hujasajili jina la biashara BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, na kuchukua TIN, namba ya mlipakodi, fanya mwezi huu; barua yenye jina lililosajiliwa husomwa kwa macho mengine, na maduka na hoteli zitakudai hivyo kabla ya kukupa kazi.

Nimebakiza moja, na kwangu ndiyo kubwa. Unampa mteja linki ya picha 25. Linki hiyo inaishi kwenye simu, na simu inaibiwa, kama ya mzee wa Sinza ilivyoibiwa. Mgeni akiingia sebuleni haoni linki. Anaona picha ya mahafali ya mtoto, picha ya harusi, picha ya marehemu bibi. Mbwa wako hayumo ukutani, kwa hiyo hakuna anayeuliza nani kampiga. Kuanzia kazi ijayo, kila mteja apate picha moja ya A4 ndani ya fremu, gharama yake iwe ndani ya bei yako, hata kama itakubidi kupanda mpaka 175,000. Nyuma ya fremu bandika jina la mnyama, tarehe, jina lako na namba yako. Ipeleke mwenyewe, usiitume kwa bodaboda. Mwone anavyoishika.

Kabla ya kliniki, kabla ya duka, kabla ya yote haya, ichukue picha moja ya Bobi, ile ambayo mvi za uso zinaonekana vizuri. Itoe kwenye faili lako la asili, kwa sababu WhatsApp hubana picha na ikichapishwa kubwa itavurugika. Itie fremu ya mbao, nenda Sinza jioni baada ya jua kupoa, mkabidhi mzee. Usimpe kadi, usimwombe amwambie mtu. Akikukaribisha chai, kaa unywe, na akitaka kukuonyesha ule mwembe, simama uende naye.